Utulivu wa Mji na Deni la Mgeni

Mwaka jana darasa letu lilipewa zoezi la kukusanya msamiati wa vyakula na vinywaji katika miji ya bara ya Burundi. Mimi nilichagua Gitega na Muyinga. Niliporudi Bujumbura niliandika ripoti ya kurasa nane, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "Gitega ni mji mtulivu na watu wake ni wakarimu." Mhadhiri alinirudishia karatasi baada ya wiki moja. Orodha ya maneno aliisifu. Lakini chini ya neno "mtulivu" alipiga mstari wa kalamu nyekundu, na pembeni akaandika: "Utulivu huu umetoka wapi? Na wewe umeujuaje kwa siku tatu?"

Mwanzoni nilikasirika. Niliona kwamba mwalimu anatafuta kosa pasipo kosa. Kila mtu husema Gitega ni mji mtulivu, hata baada ya kufanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019. Lakini swali lile halikuniacha, kwa sababu kuna jambo ambalo sikuliandika katika ripoti, nalo lilitokea Muyinga. Insha hii ni jibu langu kwa mwalimu. Nataka kujadili swali hili: mgeni anaposifu utulivu wa mji, anasifu wema wa watu wake, au anasifu tu kitu kinachomfaa yeye? Na kama utulivu huo una gharama, mgeni anadaiwa nini?

Nianze na maneno yenyewe, maana sisi ni wanafunzi wa lugha. Kiswahili kinatofautisha utulivu na ukimya. Kitenzi "kutulia" tunakitumia kwa maji yaliyochotwa mtoni: tope likishuka chini ya ndoo, tunasema maji yametulia. Tunakitumia pia kwa mtoto aliyekuwa akilia, na kwa mtu aliyekuwa na hasira. Katika mifano yote hii kulikuwa na jambo kabla. Tukisema kitu kimetulia, mara nyingi tunakiri kwamba kiliwahi kutikisika. Ukimya ni jambo jingine. Mtu hukaa kimya kwa sababu ya busara, au kwa sababu ya hofu, au kwa sababu amenyamazishwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tatizo la mgeni ni kwamba hali zote hizi, zikitazamwa kutoka barabarani, zinafanana. Anaona mtaa usio na kelele, watu wanaosalimiana kwa sauti ya chini, chai inamiminwa, na yeye anaandika: mji mtulivu.

Nilisafiri Jumatatu asubuhi kwa basi dogo. Kutoka Bujumbura hadi Gitega ni kama kilomita 100, na sehemu ya kwanza yote ni kupanda. Bugarama kulikuwa na ukungu na baridi, na wauza mboga wakakimbilia madirishani na karoti na kabichi zao. Huko juu ndiko nchi ya chai. Mashamba ya Teza hayako mbali na njia hiyo, na Teza ni kimoja kati ya viwanda vitano vya shirika la taifa la chai, pamoja na Rwegura, Tora, Ijenda na Buhoro. Sehemu kubwa ya chai hiyo huuzwa nje, nyingine katika mnada wa Mombasa. Niliandika majina hayo katika daftari langu nikifurahi kwamba msamiati umeanza kupatikana kabla hata sijafika.

Kabla ya kuingia Gitega, basi lilipita Kibimba. Kando ya barabara kuna mnara wa kumbukumbu. Mahali hapo, tarehe 21 Oktoba 1993, siku ambayo Rais Melchior Ndadaye aliuawa, wanafunzi wa shule ya Kibimba waliteketezwa kwa moto ndani ya jengo la kituo cha petroli. Kwenye mnara kuna maneno ya Kifaransa yanayomaanisha kwamba jambo hili lisitokee tena kamwe. Ndani ya basi mazungumzo yalikatika kwa muda tulipokuwa tukipita, kisha mtu mmoja akauliza bei ya viazi, na mazungumzo yakaendelea. Jambo hilo nililiona kwa macho yangu, lakini sikuliandika katika daftari. Halikuwa msamiati wa vyakula.

Gitega nilifikia mtaa wa Nyamugari, mahali ambapo Kiswahili kinasikika kila kona. Wajerumani walihamishia makao yao Gitega mwaka 1912, na pamoja na askari na wafanyabiashara wa wakati ule lugha yetu ilipata makazi yake huko mlimani, mbali sana na bahari. Asubuhi na jioni nilikula katika mgahawa mdogo wa mama mmoja. Ulikuwa na mabenchi manne, meza mbili, na jiko la makaa nje. Asubuhi kulikuwa na chai ya maziwa yenye tangawizi, mandazi, na chapati kwa maharage. Mchana kulikuwa na wali, au ugali wa muhogo, pamoja na isombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mafuta ya mawese, na ndagala waliokaushwa kutoka Ziwa Tanganyika. Nilijaza kurasa tatu za daftari kwa siku ya kwanza peke yake.

Jioni ya pili niliona jambo dogo. Wanaume wawili wa makamo waliingia kwa nyakati tofauti na kukaa kwenye mabenchi yanayotazamana. Hawakusalimiana. Mama hakuwapa kila mmoja birika lake, ingawa mabirika yalikuwepo. Aliweka birika moja katikati ya meza na vikombe viwili. Baada ya muda mmoja alijimiminia, akasita, kisha akajaza na kikombe cha mwenzake. Walikunywa bila kusema neno, wakalipa, wakaondoka.

Nilimuuliza: "Mama, wale wana ugomvi?"

Akacheka kidogo. "Ugomvi wao ni wa zamani kuliko wewe, mwanangu. Kila jioni wanakuja. Nikiwapa mabirika mawili, kesho mmoja hatarudi."

"Na wakianza kugombana hapa?"

"Hapa hawagombani. Maneno ya namna hiyo wanayaacha nje pamoja na viatu. Mwaka juzi mmoja aliyaingiza, nikamwambia chai imekwisha. Birika lilikuwa limejaa, analiona. Aliondoka. Wiki mbili hakuja. Halafu alirudi."

Kwa hiyo nilichokiita utulivu wa mji, katika mgahawa ule, kilikuwa kazi ya mtu mmoja. Kilikuwa na hesabu yake: birika moja badala ya mawili, mteja aliyefukuzwa, mapato ya wiki mbili yaliyopotea. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni na mandazi yangu nilikuwa nikifaidi kazi hiyo bila kuijua, kama vile mtu anavyofaidi barabara iliyofagiliwa kabla hajaamka.

Jambo hili lilinikumbusha somo moja la falsafa kuhusu chai ya Wajapani. Uji, mji wa bara karibu na Kyoto, unajulikana kwa chai yake tangu karne nyingi, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kunywa chai na kula huko kwa utulivu. Wengi wetu tukisikia habari za chai ya Kijapani tunafikiri utulivu ule ni tabia ya kuzaliwa ya watu wale. Lakini bingwa mkuu wa sherehe hiyo, Sen no Rikyu, aliishi kati ya mwaka 1522 na 1591, wakati ambapo Japani ilikuwa imeraruliwa na vita vya mabwana wakubwa. Chumba cha chai kinachohusishwa naye, kiitwacho Tai-an, kina ukubwa wa mikeka miwili tu. Mlango wake ni mdogo, hivyo kila anayeingia, hata awe bwana mkubwa, lazima ainame na kutambaa. Mpiganaji aliacha upanga wake nje. Utulivu wa chumba kile haukupatikana kwa kuwa watu hawakuwa na panga. Ulipatikana kwa sababu kulikuwa na mlango, na mtu aliyeamua kiasi cha ukubwa wake. Mama wa Nyamugari hajawahi kusikia habari za Rikyu, lakini kazi yao ni moja.

Hapa ningeweza kumaliza insha na kumwambia mwalimu: utulivu umetoka kwa watu kama mama huyu, basi ni wema, na mgeni ana haki ya kuusifu. Lakini kuna pingamizi, nalo ni zito. Rikyu mwenyewe aliamriwa na bwana wake, Toyotomi Hideyoshi, ajiue, akajiua mwaka 1591. Panga zilizoachwa mlangoni zilikuwa bado zinangoja nje. Mtu anaweza kusema kwamba utulivu wa namna hii hautibu kitu. Unasogeza tu ugomvi hatua tatu kutoka kwenye meza, na pengine unaufanya udumu, kwa sababu unawapa watu mahali pa kutousema.

Pingamizi hili lilinikabili tena njiani kuelekea Muyinga. Nilipanda basi linalopita Karusi, na njia hiyo inavuka mto Ruvubu. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya pamoja katika eneo hilo la Karusi na kutangaza kwamba imepata mabaki ya watu zaidi ya 6,000, waliouawa mwaka 1972. Kwa miaka arobaini na minane watu walilima, wakaoa, wakachota maji, wakanywa chai karibu na makaburi yale. Mgeni aliyepita hapo mwaka 1985, au mwaka 2005, bila shaka aliona milima ya kijani na watu wapole, na huenda naye aliandika: mahali patulivu. Je, alidanganywa? Na waliokaa kimya walitenda wema, au walitenda ubaya?

Nafikiri hatuwezi kulijibu swali hili kwa jumla. Ukimya wa anayeficha kosa lake si sawa na ukimya wa mjane anayewalinda watoto wake wasirithi chuki. Wa kwanza ni deni lisilolipwa, na tume, mahakama na wanahistoria wana wajibu wa kuuvunja. Wa pili ni dawa ambayo mtu amejipimia mwenyewe, na hakuna mwingine mwenye haki ya kumpokonya chupa. Ugumu ni kwamba katika kijiji kimoja, hata katika nyumba moja, vyote viwili hukaa pamoja, na anayepita njia hana namna ya kuvitenganisha.

Sasa niseme jambo la Muyinga ambalo sikuliandika. Mama yangu alizaliwa karibu na mji huo. Mwaka 1993, akiwa na miaka kumi na mmoja, alivuka mpaka kupitia Kobero akaingia Ngara, Tanzania, pamoja na shangazi yake. Aliporudi Burundi miaka mingi baadaye alikaa Bujumbura, Buyenzi, nami nikakulia huko. Muyinga hakurudi. Hakuwahi kunisimulia habari za siku ile. Nilipomwambia kwamba naenda Muyinga kwa ajili ya zoezi la chuo, alinyamaza, kisha akanitajia jina la mzee mmoja, jirani wao wa zamani, fundi wa baiskeli. Akaniambia: "Msalimie. Ukikaribishwa, kula. Usiulizeulize."

Mzee nilimpata mtaa wa Waswahili, mbele ya nyumba yake, ameshika gurudumu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, nikamtajia jina la mama. Aliweka gurudumu chini. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Wewe ni mjukuu wangu basi." Akaamuru chai iletwe. Muyinga ni nchi ya kahawa, vilima vyake vimejaa mikahawa iliyopandwa tangu wakati wa Wabelgiji, lakini katika kila nyumba niliyoingia nilipewa chai. Nilimuuliza sababu, akanijibu kwamba kahawa ni ya kuuza.

Kesho yake alinipeleka mlimani walikokuwa wakiishi zamani, ambako bado ana shamba na ndugu. Tulikaa uani kwa ndugu yake. Alinyoosha kidole: "Mji wa babu yako ulikuwa pale, penye mparachichi." Niliona mparachichi mkubwa, nyumba ya matofali yenye paa la bati, na nguo zimeanikwa. Palikuwa na watu. Sikuuliza kitu. Yeye mwenyewe akaongeza: "Waliopo walinunua kwa mtu. Mtu huyo hayupo tena."

Baada ya nusu saa akaja mtoto wa kike wa miaka kama saba, amebeba sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Akapiga goti, akasema kwa Kirundi kwamba mama yake ametuma chakula cha mgeni. Mzee alifunua. Zilikuwa ndizi zilizopikwa na maharage, zimetiwa mawese, bado zinafuka moshi. Alisema kwa sauti ya kawaida: "Imetoka pale."

Nakiri kwamba sikujua la kufanya. Kukataa chakula katika nchi yetu ni kutangaza ugomvi. Lakini kukila, je, si kusema kwamba mambo yamekwisha? Nilikuwa na haki gani ya kusema yamekwisha? Aliyekimbia ni mama yangu. Aliyepoteza nyumba ni babu yangu, ambaye hata kaburi lake silijui. Na je, wale watu walijua mimi ni nani? Bila shaka walijua, kwa sababu mlimani habari hutangulia miguu. Basi sahani ile ilikuwa nini? Ukarimu? Ombi la msamaha? Au njia ya kupima kama nimekuja kudai ardhi? Kesi za namna hiyo zilikuwa nyingi kiasi kwamba serikali iliunda tume ya kitaifa ya ardhi na mali mwaka 2006, na kila mwenye nyumba kama ile ana sababu ya kumwogopa mjukuu wa mwenye shamba wa zamani.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake juu ya amani ya kudumu cha mwaka 1795, alitofautisha haki mbili. Mtu anapofika katika nchi ya wengine ana haki ya kutotendewa kama adui. Hiyo ni haki ya kuzuru. Lakini hana haki ya kukaribishwa nyumbani na kukaa kama mgeni wa mtu, kwa maana hilo linahitaji makubaliano maalumu ya hisani. Tofauti hii ni nzuri, lakini inachukulia kwamba tunajua tayari nani ni mgeni na nani ni mwenyeji. Pale uani sikujua. Kwa sheria ya macho mimi nilikuwa mgeni kutoka mjini. Kwa sheria ya damu wao walikuwa wamekaa penye mji wa babu yangu. Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi ningepewa jembe, ningelilima shamba la nani?

Nilikula. Sikula kwa sababu nilikuwa nimepata jibu. Nilikula kwa sababu mama aliniambia nile, na kwa sababu mtoto alikuwa bado amesimama, anangoja sahani. Yeye hakuwapo mwaka 1993, kama mimi nilivyokuwa sipo. Tulimaliza, mzee akaosha sahani kwa mkono wake, akatia ndani yake mayai manne, kwa kuwa kwetu chombo hakirudishwi kitupu. Mtoto akaondoka nayo akipita kwenye mikahawa.

Nimeyafikiria matendo haya kwa miezi kadhaa, na sasa naona kwamba nilichanganya mambo mawili: kupokea amani na kutoa msamaha. Msamaha ni mali ya aliyekosewa. Hauwezi kutolewa na mwakilishi, hata awe mtoto wa kuzaa. Kama ningesimama pale na kutangaza kwamba sisi tumesamehe, ningekuwa nimeiba kitu cha mama yangu na kukigawa ili nisifiwe. Vilevile, kama ningeanza kuhoji watu waliopo, nani alimuuzia nani na siku ile nani alikuwa wapi, ningekuwa nimevunja kitu ambacho mzee yule na watu wa penye mparachichi wamekijenga kwa miaka thelathini kwa sahani na mayai, halafu mimi nipande basi Alhamisi nirudi chuoni. Mgeni anayevunja ukimya halipi gharama ya kelele. Wanaolipa ni wanaobaki.

Lakini kupokea sahani si kutoa msamaha. Ni kukiri kwamba mazungumzo bado yanawezekana. Wazee wetu wa baraza, bashingantahe, walisuluhisha ugomvi kwa kuwakalisha watu wote wawili na kusikiliza mpaka mwisho bila haraka. Hawakuanza na hukumu. Walianza kwa kuhakikisha kwamba wote wawili wamekaa. Birika moja la mama wa Nyamugari linafanya kazi hiyo ya kukalisha. Halimalizi kesi, wala halidai kwamba hakuna kesi. Hapa ndipo ninapojibu pingamizi nililolitaja. Utulivu unaozuia ukweli usisemwe milele ni ubaya. Utulivu unaowaweka watu kwenye meza moja mpaka siku ambayo ukweli utaweza kusemwa na mwenye haki ya kuusema ni wema, tena ni wema mgumu. Namna ya kutofautisha aina hizi mbili ni kuuliza: je, mwenye kidonda akitaka kusema, atasikilizwa? Kama jibu ni hapana, tusiuite utulivu.

Basi mgeni anadaiwa nini? Kwanza, anadaiwa kujua kwamba utulivu anaoufaidi una watu wanaoufanyia kazi, na kuwataja kama anavyotaja waliolima chai. Pili, anadaiwa uvumilivu wa kutouliza kwa ajili ya udadisi wake tu, na utayari wa kusikiliza anapoambiwa. Tatu, na hili kwangu ndilo gumu kuliko yote, anadaiwa kurudisha chombo. Asipokee kisha akaondoka na hadithi nzuri ya kusimulia. Mimi nilipokea ndizi, na mayai yaliyorudishwa hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mzee. Kwa hiyo mpaka leo bado nadaiwa.

Niliporudi Buyenzi usiku, mama alikuwa akikuna nazi. Hakuniuliza nilimwona nani. Aliuliza: "Walikupa nini?"

"Ndizi na maharage."

"Walitia mawese?"

"Ndiyo, mama."

Akaendelea kukuna. Nilidhani mazungumzo yameisha, nami kama alivyoniagiza sikuuliza. Kisha, bila kuinua macho, akasema: "Mparachichi upo?"

Nikamwambia upo, na ni mkubwa. Nikamwambia na habari za nyumba yenye bati, za mtoto, za sahani, na za mayai manne. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kama nilifanya vizuri au vibaya kula. Wiki iliyofuata nilimkuta akimuuliza jirani nauli ya basi hadi Muyinga ni faranga ngapi siku hizi. Hajasema atakwenda lini, wala kama atakwenda. Siyo juu yangu kumharakisha.

Ripoti yangu nimeisahihisha. Sentensi ile ya kwanza nimeifuta, na mahali pake nimeandika: "Gitega nilikuta watu wanaotuliza mji wao kila jioni, na mimi nilikunywa chai yao." Orodha ya msamiati nimeiacha kama ilivyokuwa, ila nimeongeza neno moja chini ya sehemu ya vyombo: sahani ya kufunika, ile isiyorudishwa tupu.